Mabibo Katika Pipa la Mwisho

Asubuhi ya Krismasi Titus Amedeus aliinua kifuniko cha pipa la bluu, harufu ikampiga usoni. Pombe ilikuwa imeiva sawasawa, hata marehemu mama yake kule Mtua, Nachingwea, asingeikosoa. Hapo ndipo roho ilipomuuma. Chini ya povu lile ndimo yalimokwenda karibu maji yao yote ya kunywa.

Meli ilikuwa imetia nanga miezi mitano katika Bahari ya Shamu, mbali nje ya bandari ya watu wasiowajua. Mwenye meli alizima simu, mafuta ya jenereta yakaisha, mabaharia wengine wakarudishwa makwao. Wakabaki watatu kulinda chuma: Titus; Selestini, fundi wa injini, mtu wa Mkotokuyana; na mpishi, Mikidadi wa Likunja, Ruangwa. Watu wa bara kabisa, wa korosho na ufuta. Titus alifika baharini kwa kufuata magunia ya korosho mpaka Mtwara. Aliyapandisha melini, naye asishuke tena.

Kila wiki mbili boti iliwaletea maji. Kabla betri ya redio haijafa, wakala wa meli alisema: tarehe ishirini na nne, bila kukosa. Titus akaamini. Alikuwa na mfuko wa mabibo makavu, matunda ya mkorosho, aliopewa na dada yake Prisila, na kwake Krismasi bila pombe ya mabibo ilikuwa siku kama siku nyingine. Basi akayaloweka katika pipa la mwisho la maji bila kumwuliza mpishi. Ndoo mbili zilizobaki, alisema moyoni, zitatufikisha. Nachingwea watu huloweka hivyo hivyo kila mwaka; ila Nachingwea kuna kisima.

Ishirini na nne ikaja, boti haikuja. Mikidadi naye alikuwa ameshikwa na tumbo la kuhara siku kadhaa, ndoo zote mbili zikaishia kwake, na bado midomo yake ilipasuka kama udongo wa kiangazi.

Selestini alikuwa ametundika makoti ya kuokolea maisha kwenye kamba, yawe mapambo. Aliunga meza kwa mbao za kupangia mizigo, akapika mbaazi kwa maji ya bahari. Hazikulika. Yeye na Titus waliimba wimbo mmoja wa kanisani, sauti zikakauka katikati, wakaacha. Mikidadi alikuwa amelala kwenye mkeka kivulini, anawatazama.

"Mzee Mikidadi," Selestini alimpelekea kikombe, "funga pua unywe. Hata dini yako inaruhusu ukifikwa na dharura."

"Umesomea wapi, Selestini? Kwenye injini?"

"Utakufa, mzee."

"Nitakufa msafi. Miaka hamsini na nane sijagusa hiyo takataka, nije kuianza siku ya kukutana na Mola wangu?" Akamgeuzia Titus macho. Wawili hawa, yeye Myao na Titus Mmwera, walikuwa watani, na utani hauachwi hata mtu akiugua. "Wewe mtani ndiye uliyeniua. Mkinizika msilie, mcheke tu."

"Nimekosa, mtani," Titus alisema. Yeye alikuwa amekunywa kikombe kimoja alfajiri, na kiu ikazidi badala ya kupungua.

"Umekosa nini? Mmwera akiona maji anaona pombe, ndivyo mlivyoumbwa. Mama yako Dionisia amesomesha watoto saba kwa gongo. Amepika gongo la kulewesha tarafa nzima, polisi wakiwemo. Leo mwanawe kashindwa kunipikia hata maji!"

Selestini alicheka kidogo. Titus hakucheka. Alisimama pale pale mdomo wazi, kama mtu aliyeitwa jina kwa mbali.

"Selestini," alisema, "lile friji bovu la jikoni lina bomba la shaba?"

"Lipo. La nini?"

"Lete. Na sufuria kubwa, lile la kifuniko kizito."

Hakueleza, mikono ilieleza. Alitoboa kifuniko kwa msumari, akachomeka bomba. Akachukua unga wa mwisho wa muhogo, akaukanda, akaziba nao kila ufa, kama alivyokuwa akiziba sufuria la gongo utotoni huku mama akimpiga konzi. Bomba akalipitisha katika ndoo ya kupoozea, mvuke ugeuke maji. Tofauti ilikuwa moja: ndani ya sufuria hakutia mabibo. Alitia bahari.

Walichoma mbao za meza ya sikukuu. Moshi ukawawasha macho. Saa nzima bomba halikutoa kitu, Selestini akaanza kutukana. Kisha tone. Tone jingine. Titus alimwaga matone ya kwanza, yaliyosafisha bomba, na kuyamwaga kulimuuma kuliko njaa. Adhuhuri ikapita. Alasiri kikombe kilikuwa kimefika nusu.

Alimwinua Mikidadi kichwa. Mikidadi alinusa, akakunja uso. "Yametoka kwenye bomba la gongo haya."

"Ni bahari, mtani. Mabibo hayajagusa humu. Naapa kwa kaburi la mama."

"Kaburi la mpika gongo!" Lakini alimtazama Titus machoni, akasema bismillahi, akanywa. Alikunywa mafunda matatu, akasukuma kikombe.

"Maliza," Titus alisema.

"Yaliyobaki yenu. Leo sikukuu yenu, mnataka niile peke yangu?"

Wakalowesha ndimi, Selestini kwanza. Hayakuwa na ladha yoyote. Selestini alilia bila machozi.

"Mbao zimebaki nne," alisema.

Titus alitazama baharini. Hapakuwa na boti. Akachukua shoka, akaenda kung'oa mlango wa mbao wa chumba chake.