Kipande Kisichoanguka

Kichwa cha pili cha mashine ya kukatia chuma kwa moto kilivunjika siku ya Jumatatu, kabla hata chai ya saa nne haijafika. Hakikupiga kelele. Kililia kidogo tu, kama mtu anapovunja mfupa wa kuku, kisha mashine ikasimama na karakana nzima ikageuza shingo kumtazama fundi mzee waliyemwita Ustadh Barkhurdar.

Yeye alikuwa anakitazama kipande. Bamba la chuma la milimita sita lilikuwa limelala juu ya meza ya mashine, na chini yake zile mbavu za chuma zinazolibeba, zimesimama safu safu na nafasi katikati. Kipande kilichokuwa kimetoka kukatwa ni kidogo, ukubwa wa kiberiti. Kilipoachana na bamba, upande mmoja ulizama kati ya mbavu mbili na upande wa pili ukainuka. Kikasimama pale kama sikio la mbuzi. Kichwa kilipokimbilia kwenda kukata kingine kikalivaa sikio lile, maana mashine ya namna hii hufuata mchoro wa kompyuta na haina macho.

"Kimeinuka tena," alisema Barkhurdar.

"Hata mimi naona kimeinuka," alisema Chaudhri Inayat, mwenye karakana, ambaye alikuwa amefika mbio na kalamu bado sikioni. "Cha kwanza tulisema bahati mbaya. Cha pili tuseme nini?"

Akaligeukia kabati la vipuri.

"Kimebaki kimoja kabatini. Hicho nacho kikivunjika, nawapigia simu watu wa Lahore waje wachukue mashine yao. Nawe Ustadh utarudi kwenye gesi. Miaka thelathini na mitano umekata kwa mkono, nani aliwahi kulalamika?"

Aliyasema kwa heshima, kama anayempa mtu zawadi. Barkhurdar akaingiza mikono mifukoni mwa kanzu.

Mikono ilikuwa inatetemeka. Ilianza mwaka juzi, kidole kimoja kwanza, halafu kiganja kizima. Sasa fundi wa gesi moto wake anaushika mkononi, anaufuatisha mstari wa chaki kwa pumzi moja. Mkono ukicheza, chuma kinatoka na meno kama msumeno. Mashine ilipoletwa, mafundi wa rika lake walinuna wakasema wamekwisha. Yeye alikwenda msikitini akashukuru, wala hakumwambia mtu sababu. Mkono wa mashine hautetemeki. Miezi saba hii alikuwa amerudi kuwa fundi. Wakimrudisha kwenye gesi, Chaudhri atajua kwa siku moja, na siku ya pili Barkhurdar atakuwa nyumbani kitandani, anafukuza nzi.

Vipande mia sita vilitakiwa ifikapo Alhamisi. Ni vya kufungia meno ya mashine za kupura ngano, na ngano ya Mian Channu, mji wao, ilikuwa imeshabadilika rangi mashambani.

"Labda vinasimama kukupa heshima, Ustadh," alisema Allah Ditta, fundi wa kuchomelea, alipoona bosi ameondoka. "Mtu mzima akipita, adabu ni kusimama."

"Basi wewe vimekushinda adabu, maana sijawahi kukuona umesimama."

Shagufta akatoka kwenye chumba cha vioo, mtandio ameubana nyuma usije ukashika moto. Ni binti wa Chaudhri, alisomea michoro Multan, na ndiye aliyekuwa akivichora vipande kwenye kompyuta.

"Ami," alisema, maana alimwita Barkhurdar kama baba mdogo, "tusikate mpaka mwisho. Tuache kishikizo, upana wa punje ya mchele tu. Kipande kinabaki kimeshikwa na bamba, hakina pa kwenda. Bamba zima likiisha, tunavigonga kwa nyundo vinatoka."

"Kwa nyundo."

"Nyundo ndogo tu, Ami."

Uso wa Barkhurdar ukakunjamana. Mwenye kujua watu wa gesi wa mji ule angeelewa. Kwao mwanafunzi hafungwi kilemba na mwalimu wake mpaka akate duara mbele ya wazee, na kile kipande kianguke chenyewe bila kuguswa. Wazee wanakaa kimya wanasubiri kukisikia kikigonga sakafu, ndipo halua inagawiwa. Kisipoanguka, mtu akalazimika kuinua nyundo, halua inafunikwa na mwanafunzi anarudi kufagia mwaka mzima. Kumwita mtu fundi wa nyundo ni kumtukania kazi yake. Cha Barkhurdar kilianguka mara ya kwanza, na mlio wake alikuwa bado anaukumbuka.

"Nyundo ni ya mtu aliyeshindwa kukata, binti," alisema. "Mimi nitavilaza."

Jumanne wakafunga kichwa cha tatu, cha mwisho, na Barkhurdar akaanza kuvilaza. Alitandika bamba kuukuu chini ya lile jipya, visipate pa kuzama. Moto ukalipiga bamba la chini ukarudi juu, chuma kilichoyeyuka kikaganda chini ya vipande, na vikainuka kuliko mwanzo. Akaisimamisha mashine mapema. Akaja na sumaku alizozing'oa kwenye spika mbovu. Zilishika vizuri mpaka zilipopata joto, kisha zikawa mawe tu. Jioni walikuwa na vipande thelathini vinavyofaa.

Jumatano akaja na fimbo ya mwanzi. Alivaa miwani myeusi, akasimama ubavuni mwa meza, na kila kipande kilipomalizika akakikandamiza kwa ncha ya fimbo mpaka kichwa kipite, kama mwanamke anayesukuma mikate tanurini.

"Tisa," alihesabu Allah Ditta, ambaye alikuwa ameacha kazi yake ili atazame. "Kumi. Wallahi anaweza. Kumi na moja."

Cha kumi na mbili mkono ukacheza. Fimbo iliteleza ikagonga ukingo wa kipande, nacho kikainuka. Kichwa kilikuwa kimeshaanza kuja. Barkhurdar alikiona kinakuja. Shagufta ndiye aliyeruka akapiga kitufe chekundu, na kichwa kikasimama kikiwa kimebakiza nafasi ya kupitisha kidole.

Moshi ukatulia. Kila kitu kikatulia, isipokuwa ncha ya fimbo. Shagufta akaitazama ncha ile, akaitazama muda mrefu kuliko fimbo inavyostahili kutazamwa.

"Allah Ditta," alisema, "kalete chai."

"Leo chai ni zamu yangu?"

"Leo ni zamu yako."

Akaenda, huku akinung'unika. Shagufta akangoja mpaka alipopotea nje ya lango.

"Tangu lini, Ami?"

"Mwaka juzi."

"Na Baba hajui."

"Baba yako anadhani gesi ni hisani." Barkhurdar akaiegemeza fimbo ukutani. Akakaa juu ya kreti, akaligeukia bamba. Kisha akasema, "Hicho kishikizo chako. Ungekiweka wapi?"

"Kompyuta inaweka yenyewe. Katikati ya upande mrefu."

"Basi hiyo kompyuta nayo haijawahi kukata chuma." Akatoa chaki, akachora kipande juu ya bamba. Mistari ilitoka imepinda kama njia ya siafu, naye hakuificha. "Tazama. Matundu kwanza, kipande kikiwa bado kimetulia. Halafu pembeni, uzunguke, na kishikizo kiwe pale moto unapoishia, kwa sababu mwishoni ndipo chuma kinapovutika. Usikiweke kwenye kona. Kiweke palipo nyoofu, tukisugue kiishe."

"Ndiyo."

"Ukimaliza hiki usiende kwa jirani yake. Jirani bado ana joto. Nenda mbali, urudi baadaye. Na usipite juu ya kilichokatwa, hata kama kimeshikwa. Kizunguke, kama unavyomzunguka mtu anayeswali."

"Njia itakuwa ndefu, Ami."

"Iwe ndefu. Na kichwa kiinuke kwanza, ndipo kihame. Sasa hivi kinahama kinaburuza miguu kama mkwe asiyetaka kwenda ukweni."

Shagufta akacheka, akaipiga picha michoro ile ya chaki kwa simu, kisha akarudi kwenye chumba chake cha vioo. Chai ilipofika, ilinyweka ya Allah Ditta peke yake.

Alhamisi alfajiri wakalaza bamba la kwanza, na Barkhurdar akasema bismillahi akabonyeza. Moto ukawaka, ukatoboa, ukazunguka, ukazimika. Kichwa kikainuka, kikaenda zake mbali. Hakuna kilichoanguka. Kila moto ulipozimika masikio yake yalisubiri mlio, na usipokuja alikuwa kama mtu anayeshuka ngazi akakosa kidato cha mwisho. Lakini vipande vilikuwa vimelala, vyote, sawa na bamba. Mpaka cha mia na arobaini hakuna hata kimoja kilichotoa sikio.

Wakalitoa bamba, wakaliegemeza kwenye magogo mawili. Allah Ditta akataka kushika nyundo, Barkhurdar akaichukua. Akapiga mara moja, kipande kikaruka nje. Akapiga tena. Mkono ulicheza kila alipouinua, na nyundo haikujali. Ilitaka uzito tu.

"Fundi wa nyundo," alisema Allah Ditta.

"Ndiye mimi. Shika vizuri upande wako."

Baada ya swala ya alasiri makreti yalikuwa yamejaa. Chaudhri Inayat akaja akachota vipande kiganjani, akavipitishia kidole, kimoja kimoja.

"Na kichwa?"

"Kizima."

"Alhamdulillahi. Basi mashine inabaki." Akavirudisha kretini. "Jumamosi kuna bamba la milimita arobaini, hilo mashine hailiwezi. Utalikata kwa gesi, Ustadh, tuone tena ule mkono wa zamani."

Barkhurdar angeweza kusema Jumamosi ana harusi. Shagufta alikuwa amesimama mlangoni. Mzee akaitoa mikono mifukoni, akainyoosha mbele ya Chaudhri, viganja chini.

"Mkono wa zamani huu hapa."

Chaudhri akautazama. Akautazama na wa pili.

"Gesi siiwezi, Chaudhri. Tangu mwaka juzi. Mashine naiweza."

"Mwaka juzi?" Chaudhri alikunja uso, anahesabu. "Na lile lango la msikiti? Si ulilikata mwaka jana?"

"Alikata Allah Ditta. Mimi nilisimama pembeni nikimtukana."

"Alinitukania mpaka mama," alisema Allah Ditta.

Chaudhri akamgeukia Allah Ditta. Lango lile alikuwa amelisifia mbele za watu, tena zaidi ya mara moja. Akatoa kalamu sikioni, akaitazama kana kwamba imeandikwa jibu, akairudisha.

"Basi Jumamosi atakata Allah Ditta," alisema, "na wewe utasimama umtukane. Mashine ni yako. Jumatatu kuna vipande vya jembe, elfu moja. Virefu, vyembamba. Sijui navyo vitafanya visa gani."

Akaondoka. Shagufta akamvutia Barkhurdar kiti mbele ya kompyuta.

"Kaa, Ami. Vishikizo weka mwenyewe, mimi nimechoka kusoma siafu zako."

Mzee akakaa, akavaa miwani. Kipande cha jembe kilikuwa pale kwenye kioo, mistari ya kijani. Akaupeleka mshale wa kompyuta taratibu mpaka mwisho wa upande mrefu, akabonyeza. Kidole kikatetemeka, na vishikizo vikatokea viwili.

Shagufta akanyoosha mkono afute kimoja.

"Acha," alisema Barkhurdar. Akainama karibu na kioo, akakipima kipande kwa jicho kutoka ncha hadi ncha. "Hiki ni kirefu. Kimoja kisingekitosha."

Binti akautazama mchoro, akarudisha mkono.