Folda Alizofichwa Mama Mkwe

Ofisini kwetu, programu inayokagua kazi zetu tunaiita Mama Mkwe. Ukimaliza kuandika msimbo wa kompyuta, kazi inapita kwake kwanza, ndipo seva iunganishe kazi za wote na kuzituma kwa wateja. Tatizo ni kwamba haridhiki. Mstari ukiwa mrefu analalamika, ukiwa mfupi anauliza mwingine uko wapi.

Ijumaa hiyo aligoma kabisa. Taa nyekundu iliwaka, foleni nzima ya kazi ikasimama. Kiongozi wetu akatangaza kwamba hatoki mtu mpaka kazi ipite.

Aliyeumia ni Shemeji. Anamchumbia mdogo wangu, ndiyo maana ofisi nzima, hata mlinzi, inamwita hivyo. Saa kumi alitakiwa kwa mama yangu kujitambulisha. Mara ya kwanza alikosa kwa sababu ya kazi, na mama alisema akikosa na hii asijisumbue tena. Mama hana mzaha. Nilimwonea huruma, ila kumtania sikuacha.

"Mama mkwe mmoja amekushinda, wawili utawaweza?"

"Dada, niache," alisema, huku anaizima seva na kuiwasha tena. Alishalaumu mtandao, akalaumu umeme, akamlaumu na aliyeitengeneza programu, mtu ambaye hata hatumjui.

Nikavuta kiti, nikamwambia tumsome Mama Mkwe badala ya kumsema. Tukashuka kwenye ripoti yake hadi chini kabisa. Alikuwa ameandika sentensi moja tu: hakuna cha kukagua.

Tukafungua mipangilio. Kumbe kila mtu, kimyakimya, alikuwa amempiga marufuku Mama Mkwe kuingia kwenye folda yake. Wa kwanza alikuwa Kiongozi, ambaye ghafla akawa na shughuli na kucha zake. Mimi pia nilikuwemo, tuyaache hayo. Seva yetu haijali Mama Mkwe amekagua nini, mradi amekagua kitu, na muda wote huo folda iliyobaki wazi ilikuwa ya Shemeji peke yake. Asubuhi hiyo, ili awahi kutoka, naye akaifunga.

Tulicheka sana. Yeye hakucheka. Aliifungua folda, akazipokea lawama zote: jina hili halieleweki, hapa umejirudia, pale umesahau. Akarekebisha huku jasho linamtoka. Taa ilipogeuka kijani, tukatoka mbio.

Tulimkuta mama anaondoa vikombe mezani. Alimtazama Shemeji juu mpaka chini.

"Umechelewa. Shati limekunjamana. Na kiatu hicho kamba imefunguka."

Nilijua sasa atasingizia mtandao. Akainama, akafunga kamba.

"Kweli, mama. Kuna kingine?"

Mama akamwangalia kidogo, kisha akavirudisha vikombe mezani.

"Vipo vingi," alisema. "Kaa."