Wimbo wa Tisa

Mshonaji alikuwa akipinda suruali ya mlinzi, mguu wa kushoto, mwanawe alipoingia na kipaza sauti mkononi. Alitafuta pa kukiweka, akakosa, akachukua kopo la vifungo, akakisimamisha juu yake kando ya cherehani. Akamwambia mama yake ashone tu kama vile hakuna mtu. Mama akashona. Mguu wa kushoto ulipokwisha, mwana akasema inatosha, akakunja waya wake. Mama akageukia mguu wa kulia, akakanyaga, na cherehani ikaenda bila sauti yoyote.

Alisimama akaitazama. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka, uzi unaingia, mshono umenyooka. Akamaliza kazi yake. Saa nne mlinzi akaja, akaijaribu suruali nyuma ya pazia, akaona imemkaa, akaondoka nayo.

Huyo mwana watu walimwita Nyuzi, kwa sababu ndiye mpiga gitaa wa Radi Kavu, bendi ya roki ya vijana wanne. Walikuwa wameshatoa albamu tatu, zote kelele. Ya kwanza ililegeza misumari ya mapaa. Ya pili ilifanya kuku wa mtaa mzima watage mayai ya mviringo kama mipira, na wenye kuku hawakulalamika kwa sababu ladha ilikuwa ile ile. Ya tatu haikufanya kitu, na hapo ndipo kampuni iliyouza muziki wao iliposhtuka. Mtayarishaji wa kampuni aliwaita, akawaambia kelele watu wanazo kwao, sasa wanataka kitu cha nyumbani, kitu cha kumkalisha mtu chini. Wenye maneno yao waliita kubadili mwelekeo. Jirani wa mshonaji, mwalimu mstaafu asiyeacha kitu kipite bila alama, aliita kurudi kwa mama na gunia.

Fundi wa cherehani aliitwa. Akaja na spana zake, akafungua, akapangusa, akatia mafuta, akazungusha gurudumu kwa mkono na kutega sikio.

"Mashine nzima, mama," alisema. "Sauti ndiyo haimo. Na sauti sisi hatuna, hata ya mtumba."

Ilikuwa hasara ya kweli, maana mshonaji alishona kwa sikio. Sindano ikianza kuwa butu alikuwa anaisikia kabla haijavuta kitambaa, na uzi ukitaka kukatika aliusikia unavyolia. Sasa ilimbidi ashone huku kiganja cha kushoto kimelala juu ya shingo ya cherehani, kama mtu anayempima mgonjwa homa. Kazi iliyokuwa ya saa moja ikawa ya saa moja na nusu.

Juma lile bendi ilihamia nyumbani. Vijana wenyewe walikuwa na adabu, wanafuta miguu, wanasalimia. Mpiga ngoma alirekodi ufagio ukifagia sakafu, na tangu hapo ufagio ukafagia kimya. Mwimbaji alirekodi kifuniko cha birika kikirukaruka, na tangu hapo maji yakachemka bila kutoa habari, mpaka siku moja yakakauka yote na kitako cha birika kikaungua. Walichukua mkasi ukikata kitambaa kizito. Walichukua bawaba za milango yote, ule mlio uliokuwepo tangu baba yake Nyuzi yu hai, aliyekuwa akiahidi kila Jumapili kuzitia mafuta.

Mama hakukataa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na huyu tangu mdogo alikuwa akilia mpaka midomo inabadilika rangi. Aliwahi kumpa redio nzima aifungue, ili tu anyamaze. Alipomuuliza hizo sauti zitarudi lini, Nyuzi alimjibu kwa upole, huku akikaza waya wa gitaa.

"Lakini mama, si zilikuwa zinapotea bure?"

Jirani alipoletewa habari hizo, alisema kikulacho ki nguoni mwako.

"Na nguo nimeishona mwenyewe," mshonaji akasema, akaendelea kupachika vifungo.

Chumba cha ndani alilala mama yake mshonaji, bibi yake Nyuzi. Macho yalikwisha zamani, miguu ikafuata, na miaka miwili hii akili nayo ilikuwa ikitoka kidogo kidogo bila kuaga. Majina aliyasahau yote. Sauti za watu wakisema aliziona zimefanana, kama vile ulimwengu mzima una mdomo mmoja. Kilichobaki ni vitendawili, na kimoja alikitega kila asubuhi uji ukiletwa.

"Kitendawili."

"Tega."

"Kila siku anakuja, sura yake siijui."

Jibu halikuwa la maneno. Mshonaji alifumba mdomo, akavumisha wimbo wake, ule usio na maneno aliouvumisha tangu yu msichana akijifunza kushona, na ambao mama yake aliusikia kutoka chumba cha pili kwa miaka hamsini. Bibi akatabasamu. "Mwanangu huyo," akasema, na akafungua mdomo. Bila hivyo hakula. Alilelewa na watu waliomfundisha asile kitu mkononi mwa mtu asiyemjua, na hilo ndilo funzo pekee ambalo akili yake haikulipoteza.

Albamu ilikuwa imefika nyimbo nane. Nyuzi alikuja akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema wa tisa unahitaji kitu kimoja tu, na kitu hicho ni ule mvumo wake wa asubuhi.

"Huo hapana," mama akasema.

"Dakika tatu tu, mama."

"Chukua cherehani yenyewe, chukua na meza. Huo ni wa bibi yako kulia uji."

Nyuzi akasema haya, ameelewa. Akamsaidia hata kukunja mashuka.

Asubuhi ya pili mshonaji aliingia na bakuli, kitendawili kikategwa, akavumisha. Bibi akala bakuli zima. Mlango ulikuwa nyuma yake, na ulipofunguliwa upana wa kiganja hakuusikia, kwa kuwa bawaba zilikuwa zimeshachukuliwa.

Siku iliyofuata alifumba mdomo, akasukuma pumzi, na hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Pumzi ilipita puani, basi. Kusema aliweza, kukohoa aliweza. Alipoinama kuweka bakuli chini aliliona kopo lake la vifungo sakafuni, karibu na mlango, mahali ambapo hakuliweka yeye.

"Mama, ni mimi," alisema.

"Kila mtu husema ni mimi," Bibi akamjibu. "Samahani, mwenzangu. Mwanangu akija atanilisha."

Siku ya kwanza hakula, na ya pili hakula. Siku ya tatu mshonaji alivaa gauni lake la kutokea, akaenda studio. Mtayarishaji alimpa kiti na maji, akampigia wimbo wa tisa kutoka mwanzo, kwa heshima zote. Mshonaji aliisikia sauti yake. Alisikika vizuri kuliko alivyokuwa akijijua. Akaomba wamrudishie. Mtayarishaji akamweleza, kama daktari anayeeleza, kwamba wimbo wa tisa ndio nguzo, nane zote zimeuegemea, na mvumo ukitoka albamu inakaa chini. Watu wametia jasho humo, alisema.

"Utavumisha mwingine, mama," alisema Nyuzi, aliyekuwa ameketi kando ya mitambo.

"Bibi yako hajui mwingine."

Nyuzi akatazama vidole vyake. Kisha akatoka mbio, akarudi na kichezeo kidogo cha kupigia muziki, wimbo ukiwa ndani yake tayari, akamfundisha mama yake kitufe cha kubonyeza. Alifurahi kuwa tatizo limekwisha, akamfungulia na mlango.

Kweli Bibi alikula. Kichezeo kiliwekwa kwenye mto, karibu na sikio lake, mvumo ukatoka, akasema mwanangu huyo, akafungua mdomo. Lakini dakika ya tatu ngoma ziliingia, kwa kuwa Radi Kavu, hata wakitulia, hawawezi kutulia mpaka mwisho. Ngoma zilipoingia Bibi aliufunga mdomo na hakuufungua tena. Mshonaji akaurudisha wimbo mwanzo. Bibi akatikisa kichwa. Mwanangu haimbi mara mbili kwa mlo mmoja, akasema, huyo ni mtu anamwiga.

Kwa hiyo ikawa nusu bakuli asubuhi na nusu bakuli jioni. Mshonaji alijifunza kulisha upesi bila uji kumpalia mgonjwa. Alijua ni vijiko kumi na vinne kabla ya ngoma, akabahatika siku nyingine kufikisha kumi na sita. Uji aliufanya mzito zaidi, ukawa haushuki upesi, vijiko vikarudi kumi na viwili. Kila mwisho wa mwezi alilichukua gauni la mama yake la kulalia, akalipunguza ubavuni upana wa vidole viwili.

Albamu ilipotoka, watu walisema Radi Kavu wamekomaa. Mashabiki wa zamani, wale wa fulana nyeusi, walinuna wiki mbili, kisha nao wakakaa chini wakasikiliza. Mtangazaji mmoja wa redio alimuuliza Nyuzi ni ala gani ile inayovuma kwenye wimbo wa tisa, mbona haifanani na kinanda wala filimbi. Nyuzi akasema ni chombo cha zamani walichokikuta nyumbani. Mshonaji alikuwa akisikiliza, kiganja juu ya cherehani. Nyuma ya jalada bendi ilishukuru kampuni, dereva na watengenezaji wa nyuzi za gitaa. Mstari wa mwisho ilishukuru nyumba.

Mwaka ulipogeuka kampuni ilisema watu wamechoka kukaa chini, na Radi Kavu wakarudia kelele zao. Sauti za nyumbani hazikurudi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kazi ya kuzirudisha.

Nyuzi alipita asubuhi moja akiwa njiani kwenda mazoezini. Alikuta uji umeiva na kichezeo kiko kwenye mto. Akasimama mlangoni, mkono kwenye fremu, akasikiliza gitaa lake mwenyewe likiingia polepole chini ya mvumo, akaridhika nalo. Mama yake hakugeuka. Alikuwa kwenye kijiko cha tisa.

Bibi alisikia viatu.

"Wewe uliyesimama hapo," alisema kati ya kijiko na kijiko. "Mwanangu namsikia anaimba. Huyu anayenishikia kijiko ni nani?"

Nyuzi akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa akikitazama kijiko.

"Ni mtu wa hapa nyumbani, Bibi."

"Ana mkono mwepesi. Mwambieni mwanangu, akimaliza kuimba, ampe na huyu chochote ale."

Kijiko cha kumi na tatu. Cha kumi na nne. Ngoma zikaingia, Bibi akaufunga mdomo, mshonaji akambonyezea kitufe wimbo ukome, akampangusa kidevu.

Ilibaki nusu bakuli. Nyuzi alikuwa hajanywa chai, akalichukua bakuli, akaunywa uji wote amesimama, akasema mtamu. Kisha akamwamkia bibi yake, akamuaga mama yake, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake bila kusema kitu.