Mwisho wa Kolet

Wiki nzima mjomba Dezső hakuwa Hungaria. Mwili ulikuwa hapa hapa Fonyód, kando ya ziwa lililoganda, pua nyekundu kama pilipili, ila roho ilikuwa Karibiani, kwenye kisiwa cha mashamba ya miwa, miaka mia mbili nyuma. Riwaya ilikuwa imemteka. Chai akaanza kuitia ramu, akawa anamwita diwani wetu "bwana mwenye mashamba", na juu ya kofia ya sufu akavaa ya majani. Alibakiza sura moja tu ajue kama Kolet, mpishi mtumwa aliyetoroka, atafika milimani salama au watamkamata.

Tatizo lilikuwa jirani yetu Malvin. Yeye ndiye aliyemwazimisha kitabu, na kila wakikutana alimtisha kwamba atamwambia mwisho. Dukani, kanisani, hata kwa daktari wa meno, mjomba mdomo wazi, hana pa kukimbilia.

Jumamosi akachoka. Akachukua mbwa wa mbao, ndivyo tunavyokiita kile kiti chenye vyuma chini, unakaa unajisukuma kwa fimbo zenye ncha, akaenda katikati ya ziwa asome kwa amani. Malvin akaja kuuliza yuko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Ningefanyaje, sikuwa na burudani nyingine.

Malvin ana miaka sitini na kitu, lakini mpe viatu vya barafu uone. Aliondoka kama anafukuzwa. Mjomba kumwona tu, kitabu kifuani, fimbo zikaanza kazi, mbwa akatimua mbio. Watu wakaacha kuteleza, wakashangilia. Nami nikafuata.

Hapo barafu ikalia, ule mngurumo mrefu kama treni inapita chini ya miguu. Mgeni angekimbia. Sisi tukatulia, maana barafu inayonguruma ni nzima. Ya kuogopa ni ile iliyonyamaza. Ila safari hii ilipasuka: ufa wa maji, upana wa mlango, mjomba upande ule, Malvin upande huu.

Mjomba akaziba masikio, akaanza kuimba. Malvin akamtupia glavu mpaka akanyamaza.

"Dezső, mwisho siujui," akasema. "Niliishia pale wanapomuuza mwana wa Kolet. Nikashindwa."

"Na wiki nzima unanitesa?"

"Nilitaka usome haraka, mzee, unihadithie. Mtu mzima nimwambie nani kwamba nimeogopa kitabu?"

Mjomba akamtazama, kisha akakifungua. "Nikusomee?"

"Soma. Akifa, ruka."

Nilikuwa nimekwenda kuleta ubao wa kuvukia. Niliporudi, Malvin akaniambia niukalie na nifunge mdomo. Mjomba akasoma, mvuke ukimtoka kinywani: wawindaji na mbwa wao, mto uliofurika, giza la msitu. Akapunguza mwendo, macho yakitangulia chini ya ukurasa. Halafu, kwa vidole vilivyokufa ganzi, akafunua kurasa mbili kwa mpigo.

"Hapo umeruka," Malvin akasema.

"Upepo huo."

Upepo haukuwepo. Malvin akajifuta pua kwa mkono wa koti.

"Haya. Endelea."