Mmea wa Bi Mhuri Watafutiwa Jina

Bi Mhuri alipata jina hilo posta, alikogonga mihuri kwenye barua kwa miaka thelathini na mmoja mpaka kiganja chake cha kulia kikawa kipana kuliko cha kushoto. Alipostaafu alihamia kwa binti yake akiwa na sanduku la nguo, redio, na mmea ndani ya kopo kubwa la rangi. Mmea huo alipewa na mwenzake wa kaunta ya vifurushi siku ya kuagana. Mwenzake alimwambia tu kwamba utatoa maua ya zambarau, kisha naye akahama mji bila kuacha anwani. Watu wa posta, eti.

Ndani ya miaka mitatu mmea ulipanda nguzo ya karakana ya mkwewe, ambaye alikuwa fundi seremala, ukatambaa juu ya bati na kuanza kuchungulia kwa jirani. Majani yalikuwa tele, lakini hapakuwa na ua hata la dawa. Binti yake alisema ni bogenvilia. Muuza mbao alisema ni pasheni iliyogoma kuzaa. Fundi aliuita gugu, ila kimoyomoyo, maana mkwe ni mkwe.

"Mama, mimi sina ugomvi na mmea wako," alimwambia siku moja kwa adabu zote. "Ila wenyewe una ugomvi na bati langu."

"Vumilia kidogo, mwanangu. Bado unajipanga."

Fundi aliguna akarudi kwenye randa yake. Alikuwa na siri ambayo hakutaka ijulikane. Mwezi uliopita msasa ulimwishia akiwa anamalizia kiti cha mteja, akachuma jani la ule mmea bila kufikiri na kulisugua kwenye mguu wa kiti. Mbao ikatoka laini kama shavu la mtoto. Tangu hapo alikuwa akichuma majani mawili matatu kila asubuhi, na Bi Mhuri, akidhani ni viwavi, alikuwa akiyanyunyizia maji ya sabuni kila jioni.

Mambo yaliharibika siku jirani alipoingia uani na kusimama mbele ya mmea, mikono kiunoni. Alikuwa nesi mstaafu, na aliongea na mtaa mzima kana kwamba wote wamelazwa wodini kwake.

"Bi Mhuri, umesema huu unatoa maua gani?"

"Ya zambarau."

"Nilijua tu. Baada ya maua unatoa vitunda vya njano, vizuri kama shanga. Niliwahi kumpokea mtoto aliyevila. Alitapika siku nzima, akasinzia, tukakesha naye tukidhani hatafika asubuhi. Alipona, lakini sitaki kuona tena. Na wajukuu zangu wanacheza hapo chini ya uzio."

Bi Mhuri hakuwa mtu wa kubishana na habari ya mtoto mgonjwa.

"Nipe wiki mbili," alisema mwishowe. "Sijawahi kurudisha barua bila kwanza kumtafuta mwenyewe. Nikithibitisha ndio huo, nitaukata kwa mkono wangu."

Kesho yake alikata kitawi, akakifunga kwa gazeti lililoloweshwa na kwenda nacho chuo kikuu, idara ya mimea. Alielekezwa kwenye chumba kirefu chenye makabati ya chuma, ambako mimea mikavu imebandikwa kwenye karatasi, kila mmoja na jina lake, mahali ulipochumwa na tarehe. Bi Mhuri aliyatazama makabati yale akajisikia yuko kazini. Mtaalamu, mwanamume mwembamba mwenye miwani kichwani na nyingine puani, alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mti anaousema jirani yako unaitwa duranta," alisema, akafungua kabati na kutoa karatasi moja. "Vitunda vyake ni sumu kweli, hakukosea. Gusa jani hili, taratibu."

Bi Mhuri aligusa. Lilikuwa laini.

"Sasa gusa la kwako."

"Hili linakwaruza."

"Kama msasa. Halafu duranta ni kichaka, hautambai. Huu wako ni kama kamba, unatambaa. Nadhani ni petrea. Ni ndugu wa ukoo mmoja, ukoo wa vabena, ndiyo maana hata maua yao yanafanana rangi. Lakini bila ua siwezi kuandika jina, mama. Nikiandika kwa kudhani, nitakuwa nimekudanganya."

"Na ua nitalipata wapi? Huu mwaka wa tatu."

"Unaulisha nini?"

Bi Mhuri alitaja kwa fahari: mbolea ya kuku kila mwezi, maji asubuhi na jioni. Mtaalamu aliinua miwani ya puani akaiweka kichwani pamoja na ile nyingine.

"Unaudekeza. Mmea ulioshiba hivyo utahangaikia maua kwa shida gani? Acha mbolea, punguza maji, uweke kwenye jua la kutosha. Kisha subiri."

Habari hizo alizipeleka moja kwa moja kwa Nesi, ambaye alisikiliza huku akikunja shuka. Wiki mbili zikaongezwa hadi mwisho wa kiangazi, kwa sharti kwamba wajukuu wakatazwe kabisa kusogea pale. Jambo lililomshangaza Bi Mhuri ni Fundi. Aliposikia kwamba jani linakwaruza kama msasa, alicheka mpaka akakaa chini, akaungama yote kuhusu wale viwavi. Jumamosi iliyofuata alijenga kichanja cha mbao mbele ya karakana, kwenye jua kali, wakauteremsha mmea kutoka kwenye bati na kuutandaza juu yake, yeye na mama mkwe wake wakipokezana kamba.

Wiki zikapita. Majani yalififia kidogo, na mara mbili Bi Mhuri alikutwa amesimama na ndoo ya maji mkononi, binti yake akamnyang'anya.

Aliyeona wa kwanza ni Nesi. Alibisha geti saa mbili asubuhi, akiwa bado na kanga ya kulalia.

"Njoo umtazame mgonjwa wako," alisema.

Kichanja kizima kilikuwa kimejaa vishada virefu vinavyoning'inia, kila kishada nyota tupu za zambarau mpauko, na katikati ya kila nyota ua dogo la zambarau iliyokolea lenye doa jeupe. Bi Mhuri alikimbilia ndani kupiga simu chuoni.

Mtaalamu alikuja mchana wake. Alitazama kwa kioo cha kukuzia, akakata kishada kimoja, akakilaza kati ya magazeti na kukibana kwa mbao mbili.

"Petrea," alisema. "Sasa naandika bila wasiwasi. Ua la ndani litaanguka baada ya siku chache, msihuzunike. Nyota ya nje inabaki wiki nyingi. Na vitunda vya njano havitakuwepo."

Nesi alishusha pumzi. Akamsindikiza mgeni mpaka nje, na hapo kwenye uzio wa Nesi mwenyewe mtaalamu alisimama ghafla. Alichuma jani kutoka kwenye uzio huo wa miti uliokatwa sawasawa kama nywele za mwanajeshi.

"Hii je, nani aliipanda?"

"Mimi. Naipunguza kila wiki."

"Vizuri, ndiyo maana haijawahi kuchanua. Hii ndiyo duranta."

Nesi aligeuka kutazama mahali wajukuu wanapochezea. Bi Mhuri alikuwa hatua mbili nyuma, na kwa miaka yote ya ujirani wao hiyo ndiyo siku aliyojizuia zaidi kucheka. Alimshika mwenzake mkono tu.

"Tutaing'oa pamoja," alisema.

Ilichukua siku nne, Fundi akiwa na shoka. Kisha Bi Mhuri alilaza tawi refu la petrea hadi upande wa Nesi, akalifukia katikati na kuliwekea jiwe juu, kwani mtaalamu alisema vipande vilivyokatwa vina kiburi cha kutoa mizizi. Baada ya miezi mitano lilishika. Nesi akalikata kutoka kwenye mmea mama kwa mkono uliotulia, kama anayekata kitovu, na kila Jumapili huja kuuliza kama miaka mitatu ya kungoja maua ni lazima itimie yote.