Jina la Nabintu M'Cirhuza

Profesa Beñat alikuwa mwanafalsafa wa Kibaski, kabila la kaskazini mwa Hispania, mwandishi aliyeandika kwa lugha yake ndogo tu na kuipigania kufa na kupona. Enzi za udikteta wa Hispania, alisema, jina la bibi yake lilikwanguliwa kaburini kwa sababu lilikuwa la Kibaski. "Ukimfutia marehemu jina, umemuua mara ya pili." Maneno hayo ndiyo yaliyomnasa Gaston, aliyepiga deki katika chuo alichofundisha profesa, hapa Birmingham.

Basi majira mawili ya baridi, kwa Kifaransa, Gaston alimsimulia habari za mama yake, Nabintu M'Cirhuza, aliyeuawa vitani Kongo asiachiwe hata kaburi. Profesa alilia machozi. Akaahidi kumtia kwa jina lake katika kitabu alichokuwa akikiandika.

Kitabu kilitoka mwaka 2007. Gaston, kwa kuamini, hakukifungua hata kukitazama. Alialika watu wa kanisa nyumbani kwake, mtaa wa Stechford, waje waanue matanga ya miaka kumi na moja. Katika ukoo wake matanga hayaanuliwi mpaka jina la marehemu litamkwe mbele ya watu, na hili lingesomwa kitabuni na profesa mwenyewe! Léocadie, mkewe, alikuwa jikoni tangu asubuhi.

Profesa alisoma kurasa tisa. Kibaski hakuna aliyekijua, lakini jina ni jina, kwa hiyo watu walitega masikio wakilingoja.

"Gaston," Léocadie alinong'ona, "jina ya mama ilishapita?"

"Bado."

Profesa akafunga kitabu. Watu wakatazamana. Gaston akamuuliza jina liko wapi.

Profesa alitabasamu. Alikuwa amemwita "mama wa Kiafrika", alieleza, ili kila msomaji amwone mama yake mwenyewe.

Loo! Bibi wa profesa ana jina. Mama wa mpiga deki ana bara.

Uso wa Gaston ulimshtua profesa, maana alichomoa kalamu upesi. Toleo la pili atalirekebisha, alisema. Akafungua ukurasa wa mwisho, mweupe.

"Nikumbushe tu, rafiki yangu. Alikuwa anaitwa nani?"

Gaston akageuka. Léocadie alikuwa amesimama mlangoni na sinia, akingoja ishara ya kuandaa chakula.

"Rudisha ku jikoni, mama," Gaston alimwambia. "Matanga haiyaisha."