Sauti ya Kwanza Inakuja

Tangu utotoni walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini kwenye kuimba mkubwa alikuwa dada yake. Dada aliimba juu, sauti ya kwanza, Chiriku akamfuata chini kwa sauti ya pili, na hivyo ndivyo walivyoimba jikoni, harusini, na baadaye kwenye majukwaa yenye taa. Nyimbo alitunga Chiriku. Dada akazitia roho.

Kisha dada akaacha kuja. Hawakugombana, na laiti wangegombana! Kwanza alisema ana kazi nyingi, halafu anaumwa kidogo, mwisho ikawa ujumbe tu wa simu: "Tutaongea, mdogo wangu." Akipigiwa, hapokei. Mwaka ukapita, ukaingia wa pili. Chiriku akaamini kwamba dada amemchoka. Hata hivyo nyimbo ziliendelea kumjia, na zote zilimjia kwa sauti ya dada. Ndipo akaamua kurekodi albamu.

Studio ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya umeme. Kuta zilivalishwa magodoro chakavu, na feni ilizimwa kila wimbo ulipoanza ili isisikike, basi watu wakatoka jasho kama wako jikoni. Gitaa la besi alipiga mzee mmoja ambaye wote walimwita Mjomba, ingawa pale hakuwa mjomba wa mtu. Ngoma alipiga mama wa makamo mwenye kicheko cha kutikisa matoazi yake mwenyewe. Fundi mitambo, mpole asiye na haraka, alikaa upande wa pili wa kioo.

Kila wimbo, vyombo vilikaa sawasawa. Kisha Chiriku aliingia, akaimba sauti ya chini, akatoka.

"Na sauti ya kwanza?" fundi aliuliza.

"Inakuja."

Wakadhani anatania. Lakini albamu ikaelekea ukingoni hivyohivyo: besi, ngoma, gitaa la Chiriku, na sauti ya pili ikimsindikiza mtu asiyekuwepo. Ukisikiliza, ulihisi kama mtu anaitika "abee" na hakuna aliyemwita.

Mjomba ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alilaza besi mapajani, akasema, "Chiriku mwanangu, nimekula chumvi nyingi kwenye kazi hii. Nimesubiri waimbaji walevi, nimesubiri waimbaji wagonjwa, hata mmoja aliyekuwa mahabusu nilimsubiri. Huyu wa kwetu, ameahidi kuja?"

Chiriku, mwenye jibu kwa kila kitu, akaanza kukaza nyuzi za gitaa ambazo hazikulegea.

"Basi kamuulize. Achana na simu, nenda mwenyewe."

Dada alikuwa akishona sare kwenye karakana moja yenye cherehani zisizonyamaza. Chiriku alimkuta safu ya mwisho, skafu shingoni, kichwa kimeinamia kola ya shati.

"Shikamoo, dada."

Dada alishtuka, mguu ukaachia cherehani. "Marahaba."

Neno lilitoka likikwaruza, kama mtu anayepiga msasa ubao. Chiriku akamwangalia. "Una mafua?"

Dada aliishusha skafu taratibu, na pale kooni palikuwa na kovu jembamba la kisu cha daktari.

"Walinitoa uvimbe," alinong'ona. "Wakasema sauti itarudi. Nikajiambia, ikirudi tu nampigia mdogo wangu. Nikawa naisubiri."

"Mwaka wa pili huu, dada!"

"Nilitaka ukinisikia, unisikie mimi."

Chiriku akalia palepale, mbele ya washonaji na mashati yao, bila kujali nani anaangalia. "Na mimi nikajua umenichoka!"

"Kuchosha unachosha," dada alisema, akimfuta machozi kwa kipande cha kitambaa, "ila sijakuchoka." Akacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa na mlio. Mabega tu ndiyo yaliyocheza, na hilo lilimuumiza Chiriku kuliko kovu.

Siku ya mapumziko dada akaja studio. Walimpa kiti karibu na fundi, akavaa hedifoni, akasikiliza albamu yote bila kutikisika. Alipozivua, aliuliza, "Mbona nyimbo zote ziko juu hivi?"

"Si ndipo pako?"

"Pangu." Dada aliziweka hedifoni mezani. "Mdogo wangu, mimi siimbi tena. Leo nimelisema kwa mdomo wangu, usinilazimishe kulirudia. Zishushe, uziimbe wewe."

"Mimi ni wa chini, dada."

"Ulikuwa wa chini kwa sababu juu nilikuwepo mimi."

Mjomba alishusha pumzi. Kushusha nyimbo maana yake besi yote irudiwe upya. "Zote?" aliuliza.

"Kwani ulikuwa na safari?" mpiga ngoma akamkata. "Ngoma zangu mimi hazipandi wala hazishuki. Pambaneni wenyewe!" Wakacheka, feni ikazimwa, kazi ikaanza upya.

Mara ya kwanza Chiriku aliimba kama anavaa nguo ya mtu mwingine. Mara ya pili sauti ikamkatika katikati ya ubeti. Fundi hakumharakisha. Mara ya tatu alifumba macho, akaacha kumtafuta dada, na ikatoka sauti nzito, yenye ukungu kidogo, isiyofanana na ya mtu yeyote. Mjomba alisahau kupiga noti ya mwisho. Fundi alipouliza kama atafutwe mwimbaji wa sauti ya pili, Chiriku alisema hapana. Nafasi hiyo ikaachwa wazi, na baadaye albamu ikatoka hivyo.

Jioni ya siku ile ya studio, Chiriku alimsindikiza dada kituo cha basi. Njia nzima dada alimtazama kwa pembe ya jicho.

"Umenuna nini? Si umeimba vizuri?"

"Sijanuna. Nimekukumbuka tu."

"Mimi si niko hapa?"

"Najua," Chiriku alisema, akamshika mkono, wakavuka barabara.